Umri wa maiti isiyo na jina si namba moja

Februari 2024, katika Mahakama Kuu ya Malindi, mhubiri Paul Mackenzie, aliyedaiwa kuwafungisha wafuasi wake chakula hadi kufa, na wenzake 29 walisomewa mashtaka ya kuua watoto 191. Wote walikana. Kesi hiyo ni ya mahakama na sisi hatutaitolea hukumu hapa. Tunataka kuzungumzia jambo lililobebwa ndani ya mashtaka yenyewe: kwamba watu hao 191 walikufa kabla ya kutimiza miaka 18.

Nani anajua? Miili zaidi ya 400 inayohusishwa na kesi hiyo ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023. Wengi walitolewa ardhini bila jina, bila cheti cha kuzaliwa, bila ndugu wa kusema huyu ni wangu, alizaliwa mwaka fulani. Baadhi walikuwa wamekaa kaburini muda mrefu. Maiti ikifikia hali hiyo, uso hauelezi tena kitu. Kinachobaki cha kumwonyesha daktari kama aliyelala pale mezani alikuwa mtoto au mtu mzima ni meno na mifupa yake.

Kazi ya kusoma umri kwenye mifupa ni ya kweli, ina misingi imara, na imesaidia mahakama nyingi. Ila ina mipaka, na mipaka hiyo haitajwi vya kutosha. Msimamo wetu ni huu: kila ripoti ya uchunguzi wa maiti isiyojulikana itaje umri wa chini na umri wa juu, na ieleze umepatikanaje. Ripoti inayosema "miaka 17" na kuishia hapo imesema zaidi ya mfupa ulivyosema.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mtoto huzaliwa na vipande vya mifupa vinavyokaribia 300. Mtu mzima ana 206. Vile vingine havikupotea, vimeungana. Mfupa mrefu wa mtoto, tuseme wa paja, bado haujawa kitu kimoja: una shina katikati na ncha huku na huku, na kati ya ncha na shina kuna gegedu, mfupa laini, ambamo urefu huongezeka. Balehe inapoingia, homoni hulimaliza gegedu hilo kidogo kidogo. Homoni kubwa katika kazi hii ni estrojeni, hata kwa wavulana. Gegedu linageuka mfupa, ncha inashikana na shina, na kuanzia hapo kiungo hicho hakirefuki tena.

Viungo havifungi siku moja. Kiwiko hutangulia: kwa wasichana kati ya miaka 11 na 15 hivi, kwa wavulana mpaka 17. Nyonga hufuata, kisha kifundo cha mguu, halafu goti, kiganja na bega, ambavyo kwa wavulana wengi hukamilika kati ya miaka 16 na 20. Ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, pale mtu anapofungia mshipi, husubiri hadi miaka ya mwanzo ya 20. Wasichana huwatangulia wavulana kwa mwaka mmoja hadi miwili karibu kila mahali mwilini.

Wa mwisho kabisa ni mtulinga, kwenye ncha yake ya ndani inayokutana na mfupa wa kifua chini ya koo. Daktari akiushika mtulinga wa kijana wa miaka 15, uso wa ncha hiyo una vijimatuta, kama mchanga wa pwani maji yakipwa. Miaka michache baadaye, kijibamba chembamba cha mfupa, kidogo kuliko ukucha, huota katikati ya uso huo na kuanza kutambaa kuelekea kingoni. Kwanza hushika katikati tu, pembeni kukawa na mfereji mwembamba unaoonekana kwa macho. Mfereji unajaa, unabaki mstari, na mstari nao unafutika. Safari hiyo huanza mwishoni mwa ujana na inaweza kuendelea mpaka mtu anapokaribia umri wa miaka 30. Mtulinga uliofunga kabisa unamwambia mchunguzi kwa uhakika mkubwa kwamba huyu hakuwa mtoto. Ulio wazi haumwambii kinyume chake. Kijana wa miaka 19 naye anaweza kuwa nao wazi vilevile.

Ndiyo maana namba moja haifai. Mfupa hauhesabu miaka tangu kuzaliwa. Unaonyesha mwili umefika hatua gani ya kukomaa, na watu hufika hatua hiyo kwa nyakati tofauti, hata ndugu wa tumbo moja.

Somo hili dunia ililipata kwa gharama kubwa. Baada ya Vita vya Korea, Marekani ilipokea mabaki ya askari wake ili wafahamike na kurudishwa kwao. Thomas McKern na T. Dale Stewart walipima mifupa ya mamia ya vijana hao, ambao umri wao halisi ulikuwa kwenye kumbukumbu za jeshi, na mwaka 1957 wakatoa matokeo yanayotumika hadi leo. Walichokisisitiza ni tofauti iliyopo kati ya mtu na mtu: majedwali ya kabla yao yalikuwa yamewabana watu katika miaka michache mno. Angalia pia waliopimwa ni nani. Wote wanaume, wote askari wa taifa moja, watu waliofaulu vipimo vya afya kabla ya kuvaa sare.

Kitabu kingine kinachotumika sana hospitalini ni atlasi ya eksirei za mkono wa kushoto ya William Greulich na Idell Pyle, iliyotoka mwaka 1950. Picha zake ni za watoto weupe wa familia zenye uwezo, wa mji wa Cleveland, Ohio, waliopigwa picha hizo katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Walikula vizuri na walitibiwa vizuri. Kipimo hicho ndicho kinachofunguliwa mezani daktari anapoulizwa umri wa mtoto wa Magarini, Kilifi, au wa Kishapu, Tanzania.

Basi tuulize: mtoto wa Magarini alikula nini miaka kumi iliyotangulia kifo chake? Njaa ya muda mrefu na maradhi ya kurudiarudia huchelewesha kukomaa kwa mifupa. Hilo si jambo la kubishaniwa. Na uchunguzi wa afya wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta Kilifi ndiyo kaunti yenye udumavu mkubwa kuliko zote: asilimia 37 ya watoto walio chini ya miaka mitano, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 18. Tanzania, katika uchunguzi kama huo mwaka huohuo, ilikuwa na asilimia 30. Waliofia Shakahola walitoka sehemu nyingi za nchi, si Kilifi pekee, na wiki chache za kufungishwa chakula haziwezi kurudisha nyuma kiungo ambacho kimekwisha kufunga. Lakini aliyekulia katika uhaba tangu utotoni anaweza kuwa na miaka 18 huku goti na kiganja vikionyesha 15 ya Cleveland. Ripoti itamwita mtoto, kumbe alikuwa mtu mzima. Kinyume chake pia hutokea: msichana wa mjini aliyeshiba na kubalehe mapema anaweza kufunga viungo kabla ya wenzake, akaandikwa mtu mzima naye ana miaka 15.

Kosa hilo haliishii mahakamani. Linawafuata wazazi mpaka nyumbani. Mama anayemtafuta mwanawe wa miaka 15 hufika kwenye dawati la waliopotea, akasema umri na jinsia, na karani akapitia orodha. Kama maiti ya kijana huyo imeandikwa "miaka 12", karani atapita bila kusimama. Mama ataambiwa hakuna. Kama ingeandikwa "kati ya 11 na 16", karani angesimama hapo, mama angechukuliwa sampuli ya mate, na maabara ingeendelea na kazi yake. Vinasaba humtambulisha mtu, lakini maabara haiwezi kulinganisha kila mzazi na kila maiti kwa siku moja. Mahali fulani lazima uchambuzi wa kwanza ufanywe kwa umri, urefu na jinsia. Familia za Shakahola zilianza kukabidhiwa miili Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya makaburi ya kwanza kufukuliwa. Hatuhitaji kuongeza ucheleweshaji mwingine unaotokana na namba iliyoandikwa kwa kujiamini kupita kiasi.

Jinsia nayo ina lake. Kwa mtu mzima, nyonga na fuvu humwonyesha mchunguzi kama mifupa ni ya mwanamume au mwanamke. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, mifupa haisemi hilo kwa namna ya kuaminika. Na kwa kuwa wasichana hutangulia kufunga viungo, asiyejua jinsia lazima apanue makadirio yake yawatoshe wote wawili, mpaka majibu ya vinasaba yafike. Ukikutana na ripoti inayotaja umri wa mtoto kwa mwaka mmoja kamili huku jinsia ikiwa "haijulikani", jua kuna hatua imerukwa.

Dawa ya sehemu kubwa ya tatizo hili imo kinywani. Meno hayayumbishwi sana na njaa kama mifupa. Taji za magego na mizizi yake hujengwa kwa mpangilio usiosogea sana, na mtoto wa chini ya miaka 12 hivi, ambaye bado anabadilisha meno, umri wake husomeka humo vizuri kuliko mahali pengine popote mwilini. Meno na mifupa vikikubaliana, mchunguzi ana haki ya kubana makadirio. Visipokubaliana, tofauti hiyo yenyewe ni habari. Inaweza kuwa dalili kwamba mtoto aliishi maisha ya njaa.

Jumba la Makumbusho la Nairobi lina ushahidi mkongwe wa jambo hili. Mvulana wa Turkana, ambaye Kamoya Kimeu aliona kipande chake cha kwanza Nariokotome mwaka 1984, alikufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Ukimpima kwa viungo na kimo chake kwa kutumia vipimo vya binadamu wa leo, unapata miaka 11 hadi 13, na wengine walipanda zaidi ya hapo. Uchunguzi wa ndani wa meno yake ulishuka hadi karibu miaka 8. Alikuwa wa jamii nyingine ya binadamu, iliyokomaa upesi kuliko sisi, na kipimo cha watu wengine kilimwongezea miaka ambayo hakuiishi. Wanasayansi wamejadiliana juu ya mifupa yake kwa miongo kadhaa bila haraka. Mwili ulioko mochari ya Malindi haupewi muda huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa waangalifu.

Wapo watakaotuambia kwamba kutaja umri wa chini na wa juu kunampa mshtakiwa mwanya wa kuponyokea. Hatukubaliani nao. Mtoto mwenye meno ya utoto na kiwiko kilicho wazi, makadirio yake yanaweza kuwa kati ya miaka 6 na 9, na hakuna wakili atakayeyanyoosha hadi 18. Wanaosumbua ni wale wa kati ya 15 na 20 tu. Kwa hao, shahidi anayesimama kizimbani na kusema "17" ataulizwa swali moja: kwa nini si 19? Asipokuwa na jibu, hakuharibu ushahidi wa mwili huo peke yake, ameutia doa ushahidi wa miili mingine yote aliyoipima. Anayesema "kati ya 15 na 20, na sababu zangu ni goti hili, mtulinga huu na gego hili" anaweza kuhojiwa asubuhi mpaka jioni na asitikisike.

Eneo letu lina mfano wa kazi ya namna hiyo. Mwaka 1996, Kibuye, kando ya Ziwa Kivu, wataalamu waliofanya kazi kwa ajili ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha walifukua mamia ya miili karibu na kanisa la mji huo. Miongoni mwao alikuwamo Clea Koff, binti wa mama Mtanzania na baba Mmarekani, wakati huo akiwa na miaka 23. Watoto walikuwa wengi kaburini mle, na umri wao ulisomwa kwenye meno na kwenye ncha za mifupa. Kiongozi wa kazi hiyo, William Haglund, alitoa ushahidi Arusha katika kesi ya Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye, ambaye mwaka 1999 alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari.

Kazi ya Kibuye ilianza kwenye udongo, na hapa ndipo tunapotaka serikali zetu zitusikilize zaidi. Mfupa wa mtoto ukishaoza gegedu, ncha zake hujitenga na shina. Kila ncha inabaki kijipande cha peke yake, kingine ukubwa wa punje ya mahindi, rangi yake ni ya udongo. Kwa mtu aliyeshika sepetu hicho ni kijiwe, naye hukirusha pembeni pamoja na changarawe. Akishakirusha, umri wa mtoto huyo umekwenda nacho. Kile kijibamba cha mtulinga tulichokieleza hupotea kwa urahisi zaidi. Udongo wa kaburi la mtoto lazima upitishwe kwenye chekeche, wote, na awepo pale kaburini mtu anayezijua ncha za mifupa kwa macho na kwa vidole. Vijana wa vibarua, hata wawe na moyo gani, hawawezi kuachiwa kazi hiyo peke yao. Na mwaka 2025, makaburi mengine yalipofukuliwa Kwa Binzaro, huko huko Kilifi, wachunguzi walikuta pia sehemu za miili zimetapakaa juu ya ardhi. Mahali kama hapo ncha moja ya mfupa inaweza kuwa ndiyo kitu pekee kitakachosema kwamba hapa palikuwa na mtoto.

Sheria Kenya inayo. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Uchunguzi wa Vifo mwaka 2017, kwa nia ya kuwa na chombo huru chenye wataalamu wake, kisichongoja kuitwa na polisi. Miaka sita ikapita. Maiti za Shakahola zilipoanza kutolewa, huduma hiyo ilikuwa haijaanza kazi, na mzigo ukawaangukia wanapatholojia wachache wa serikali waliofanya kazi mfululizo katika mochari ya hospitali moja ya kaunti ndogo. Hao hatuwalaumu. Tunawalaumu waliotia saini sheria kisha wakaiweka kabatini.

Tunahitaji pia vipimo vyetu wenyewe. Afrika Kusini ina hazina ya mifupa ya Raymond Dart katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, yenye mifupa ya maelfu ya watu ambao umri wao uliandikwa, na imefundisha mengi. Sisi hatupendekezi njia hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya hazina kama hizo ilitokana na maiti za maskini waliokosa wa kuwazika, na hakuna aliyewauliza walipokuwa hai. Ipo njia safi zaidi na ya bei nafuu. Kila siku watoto na vijana wanaoteguka, wanaovunjika na wanaoanguka pikipiki hupigwa eksirei za kiwiko, goti na kiganja katika hospitali za Mombasa, Tanga, Mwanza na Kisumu. Wengi wao wana kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa. Picha hizo zikikusanywa kwa ridhaa ya wazazi, majina yakaondolewa, zikabaki tarehe ya kuzaliwa, jinsia na eneo, baada ya miaka michache tutakuwa na jedwali linaloonyesha watoto wetu hufunga viungo lini, walioshiba na waliodumaa. Vyuo vya tiba vya Muhimbili na Nairobi vina wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta mada za utafiti. Wizara zetu mbili za afya, ya Kenya na ya Tanzania, zinaweza kukubaliana juu ya fomu moja ya ukurasa mmoja.

Wakati hayo yakisubiriwa, ripoti zibadilike kuanzia sasa, maana hilo halihitaji bajeti. Fomu ya uchunguzi wa maiti iwe na nafasi mbili za umri, wa chini na wa juu, na chini yake nafasi ya kutaja viungo na meno yaliyosomwa na jedwali lililotumika. Maiti isiyo na jina isizikwe na serikali kabla haijapigwa eksirei za kiwiko, goti, kiganja, nyonga, mtulinga na taya, na picha hizo zitunzwe chini ya namba ileile ya sampuli ya vinasaba. Jedwali bora likipatikana miaka kumi ijayo, picha zitasomwa upya bila kumfukua mtu mara ya pili. Na kwa wale ambao ripoti zao zimekwisha kuandikwa kwa namba moja, orodha za waliopotea zipitiwe tena kwa kupanua umri miaka mitatu juu na mitatu chini, kuanzia na wazazi ambao tayari walishaambiwa hakuna.